Usikisugue kikaango cha chuma hadi king'ae!

Mpenzi msomaji, je, jikoni mwako kuna kikaango cha chuma, kile kizito cheusi ambacho kina mama wa zamani walipikia chapati? Kama kipo, kiokoe kabla ya mtu mwenye bidii kukiharibu, kama nilivyofanya mimi.

Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu, tukiishi chumba kimoja mtaani Jericho, mama mkwe alipotuachia kikaango chake alichokitoa Kaloleni. Ninyi wa Eastlands mnaijua sheria ya mferejini: mke hupimwa kwa sufuria zake. Zikianikwa nje sharti zing'ae kama kioo, la sivyo majirani watapata la kusema. Basi nikakimwagia kikaango kile majivu, nikakisugua kwa waya saa nzima hadi weusi wote ukatoka, kikabaki kijivu. Nikajipongeza.

Jumapili mama mkwe akaja. Nikampakulia chapati zilizoraruka vipande vipande, maana kila niliyoigeuza iling'ang'ania chuma. Hakunikemea. Alikichukua kikaango, akakigeuza mkononi, akauliza kwa upole, "Mwanangu, ni nani aliyekichuna ngozi?"

Nilikosa pa kuuficha uso.

Weusi ule, msomaji, si uchafu. Mafuta yakipakwa kwa uchache juu ya chuma na kupata moto mkali hubadilika na kuwa utando mgumu mfano wa vanishi, ukashikamana na chuma chenyewe. Utando huo ndio unaozuia kutu na kufanya chakula kisigande. Haununuliwi dukani, hujengeka kidogo kidogo kila unapopika. Mimi nilikuwa nimefuta kazi ya miaka mingi kwa asubuhi moja!

Bahati nzuri, chuma husamehe. Alasiri hiyo hiyo mama mkwe alinionyesha dawa yake. Tulikiosha, tukakikausha juu ya jiko la makaa hadi tone la mwisho la maji likaisha. Kisha akapaka mafuta ya kupikia kwa kitambaa, ndani, nje na hata mpini, halafu akachukua kitambaa kikavu akayapangusa yote kana kwamba amejuta kuyapaka. Hapo ndipo wengi hukosea: mafuta yakizidi hugeuka ulimbo wa kunata. Akakirudisha motoni hadi kikatoa moshi na moshi ukakoma. (Fungua dirisha, na watoto wawe mbali.) Alirudia mara nne. Hata kikaango kilicholiwa na kutu hufufuka hivyo, mradi kutu isuguliwe yote kwanza.

Baada ya hapo, utunzaji wake wafaa sana mitaa yetu ambako mfereji hukauka siku nzima. Watazame wauza chapati wa kando ya barabara kule Umoja na Kayole: mara nyingi wao hupangusa tu. Nyumbani, kioshe kingali na vuguvugu kwa maji kidogo. Sabuni kidogo ya vyombo haidhuru. Kinachodhuru ni kukilowesha usiku kucha. Kikaushe motoni, kipake tone la mafuta, kisha kiweke. Usilaze chakula humo.

Wakati wa kupika, kipashe moto polepole kwa dakika tano hivi. Nyunyiza unga kidogo: ukigeuka hudhurungi taratibu, tia chapati, ukiungua mara moja, punguza makaa. Na nyanya, ndimu au ukwaju usivichemshe humo muda mrefu, kwani ukali wake hula ule utando.

Kuna faida nyingine. Mwaka 1999 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa kaskazini mwa Ethiopia: watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma kwa mwaka mmoja walipata nafuu ya upungufu wa damu kuliko wenzao waliopikiwa katika vya alumini. Hata hivyo, mama mjamzito asiache vidonge vya kliniki kwa sababu ana kikaango! Nako kwenye alumini, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2017 walipima vyombo 42 vilivyotengenezwa kwa vyuma chakavu katika nchi 10, Kenya ikiwemo, wakapata kwamba zaidi ya theluthi moja vingeweza kumdhuru mlaji kwa madini ya risasi. Silaumu mafundi wetu wa jua kali; shida hutokana na chakavu kinachoyeyushwa.

Ukienda Gikomba kutafuta kikaango, chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Ikinasa, hicho ni chuma. Isiponasa, ni alumini iliyopakwa weusi, hata muuzaji aape vipi. Kisha kigonge kwa kidole. Kikilia kwa sauti ya kukwaruza badala ya mlio safi, huenda kina ufa, nao ufa hautengenezeki kwa mafuta. Chuma kilichomiminwa kwenye kalibu hupasuka kikianguka sakafuni au kikimwagiwa maji baridi kingali moto.

Kile cha mama mkwe ninacho hadi leo, cheusi ti. Hakianikwi nje. Nimekitundika ukutani nyuma ya mlango, na msichana yeyote anayekuja kunisaidia kazi huonyeshwa kikaango hicho kabla hata ya kuonyeshwa mahali pa kulala.