Nuru Ipitayo Katika Matundu Madogo ya Metali

Huko Ibaba, katika milima ya Ileje mkoani Songwe, jiko lililoezekwa kwa bati kuukuu huingiza nuru kwa tundu la msumari. Nuru hiyo hushuka katikati ya moshi kama ufito mweupe. Tundu likizibwa nusu, ufito nao huwa mwembamba. Basi yaonekana kwamba tundu kubwa hupitisha nuru nyingi, na tundu dogo hupitisha nuru kidogo.

Jambo hilo ni kweli kwa tundu la msumari. Walakini tundu likiwa dogo mno, mambo hubadilika. Nuru husafiri kwa mawimbi, kama maji ya ziwa yasukumwayo na upepo, ila mawimbi yake ni mafupi sana. Milimita moja ikigawanywa mafungu 2,000, fungu moja ndilo urefu wa wimbi la nuru ya kijani. Je, wimbi litapitaje katika tundu lililo dogo kuliko wimbi lenyewe? Mwaka 1944 Hans Bethe, bingwa wa fizikia aliyezaliwa Ujerumani, alipiga hesabu akaonyesha kwamba nuru ipitayo ni haba mno. Upana wa tundu kama hilo ukipunguzwa nusu, nuru ipitayo, kwa kadiri ya eneo la tundu, hupungua mara 16.

Lakini mwaka 1998 Thomas Ebbesen na wenzake walitangaza jambo la ajabu. Walichukua utando mwembamba wa fedha, wakautoboa matundu madogo kuliko wimbi, yaliyopangwa kwa safu zilizo sawasawa, kisha wakaumulika. Kwa mawimbi ya urefu fulani, nuru iliyotokea upande wa pili ilizidi ile iliyoyaangukia matundu! Nuru ya ziada ilitoka wapi? Ni ile iliyoiangukia fedha baina ya matundu.

Sababu yake ni hii. Ndani ya metali mna chembe za umeme ziitwazo elektroni, ambazo nyingine huzunguka huru. Nuru yaweza kuzitikisa zikayumba pamoja, kama mashina ya ngano yainamavyo kwa upepo. Mtikiso huo hutambaa juu ya metali kama wimbi, nao huitwa plasmoni ya uso. Juu ya metali laini isiyotobolewa, nuru peke yake haiwezi kuuanzisha. Safu za matundu ndizo huipa mahali pa kushika. Wimbi hilo likifika tunduni hupenya, na upande wa pili hugeuka kuwa nuru tena. Kadhalika, mianya miwili ikikaribiana, wimbi litokalo katika mmoja huufikia mwenzake. Likipatana na nuru ya huko, nuru huzidi; likipingana nayo, nuru hupungua.

Elektroni ziyumbazo hufanya kazi hata katika zahanati. Dhahabu ikiwa katika chembe ndogo sana, zielezo majini, si ya manjano tena bali ni nyekundu. Maana elektroni zake huyumba kwa nuru ya kijani na kuinyakua, nuru nyekundu ikabaki. Katika aina nyingi za kipimo cha haraka cha malaria, mstari mwekundu ni chembe hizo.

Tuseme mtoto wa Ibaba amekwenda Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ambako mbu wa malaria ni wengi kuliko milimani. Akirudi nyumbani hushikwa na homa. Mama yake hawezi kujua kwa kumgusa kipaji kama ni malaria au ni kichomi. Dawa ya malaria haiponyi kichomi, na kukawia ni hatari. Ndiyo sababu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mgonjwa adhaniwaye kuwa na malaria apimwe kwanza.

Mwuguzi hutia tone la damu katika kipimo. Chembe za dhahabu zimevikwa kitu kinachonasa protini ya vijidudu vya malaria. Vijidudu vikiwamo, chembe hukusanyika mahali pamoja, na mstari mwekundu huonekana. Mstari wa pili huonyesha kwamba kipimo ni kizima. Usipotokea, mtoto hupimwa upya. Dhahabu hiyo ni kidogo mno hata sonara hawezi kuipima kwa mizani yake, lakini humwonyesha mwuguzi dawa ipi ampe mtoto.