Dirisha la Kioo kwenye Jua la Shinyanga

Katoro, Kahama, Nyarugusu, Shinyanga mjini: palipo na dhahabu au barabara ya kuifuata, steshenari haikosekani. Mara nyingi ni chumba kimoja, mlango umeelekea barabarani ili wateja wakione na mwanga uingie, na ndani mna kompyuta moja au mbili, printa, mashine ya fotokopi na benchi la kusubiria. Hapo kijana huombewa mkopo wa elimu ya juu, mwalimu huchapiwa mtihani, na mchimbaji mdogo hujaziwa maombi ya leseni au huandikiwa mkataba wa wenye hisa katika duara, yaani shimo la dhahabu. Watu wengi wa ukanda huu huitazama kompyuta kutoka pembeni, juu ya bega la mhudumu, jua la saa nane mchana likiwa limejaa mlangoni. Makala hii inaanzia kwenye skrini hiyo na kuuliza jambo moja. Madirisha ya programu yachorwe kama kioo, yaonyeshe kwa mbali kilicho nyuma yake, au yachorwe bapa, yawe na rangi moja iliyoziba? Wengi watasema ni suala la urembo, kila mtu na apendacho. Mimi naliona kuwa suala la nani ataweza kusoma na nani atasomewa, na kwa mazingira ya Shinyanga na Geita nashikilia kwamba bapa lenye mipaka inayoonekana ndilo linalostahili kuwa hali ya kawaida. Kioo kibaki pale kinapofanya kazi.

Mvutano wenyewe umepita miaka 25. Januari 2000 Steve Jobs alionyesha sura mpya ya kompyuta za Mac iliyoitwa Aqua, yenye vitufe vinavyometa kama matone ya maji na menyu zinazopitisha picha ya nyuma. Mwaka 2007 Windows Vista ilikuja na Aero, fremu za madirisha zikageuka kioo chenye ukungu, na Windows 7 ikaurithi mtindo huo mwaka 2009. Windows 8 ya mwaka 2012 ikakiondoa kioo, na mwaka uliofuata Apple nayo ikafuta ngozi na mbao za kuchora kwenye simu zake na kuleta sura bapa. Haikupita miaka mingi kioo kikaanza kurudi: Microsoft ilikirudisha kwa kiasi kuanzia 2017, na Juni 2025 Apple ilitangaza mtindo wa Liquid Glass, ulioingia kwenye iPhone na Mac Septemba mwaka huohuo. Kufikia Novemba kampuni ilikuwa imeongeza chaguo la kukifanya kioo hicho kizito zaidi. Mitindo huenda na kurudi kama mishono ya vitenge, na hilo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba mshono uliokatwa California utamkaa kila mtu bila kupimwa.

Ili dirisha lionekane kama kioo, kompyuta huchora kwanza kilicho nyuma, kisha hukichanganya na rangi ya dirisha lenyewe. Kioo kikiwa na ukungu, kila nukta hutafutiwa wastani wa nukta zinazoizunguka. Skrini ya kawaida ya laptopu ya bei nafuu, ile ya nukta 1,366 kwa 768, ina nukta 1,049,088, na sura yake inaweza kuchorwa upya mara 60 kwa sekunde moja. Dirisha bapa halidai hesabu hiyo: nukta inapewa rangi, kazi imekwisha. Ndiyo maana Vista ilipotoka, aliyetaka Aero alishauriwa awe na RAM ya GB 1 na kadi ya picha yenye kumbukumbu ya MB 128, na Windows 7 Starter, iliyotengenezwa kwa ajili ya laptopu ndogo za bei ya chini, haikupewa Aero kabisa. Hata leo madirisha ya Windows yenye ukungu hugeuka rangi moja kompyuta inapoingia katika hali ya kuokoa betri, au inapokuwa na nguvu ndogo. Maana yake ni kwamba watengenezaji wenyewe wanajua kipi cha kutupa nje mambo yanapobana. Kwenye ukanda ambako kompyuta ya mtumba ndiyo inayonunulika, na ambako umeme ukikatika kazi huendelea kwa chaji iliyobaki, mambo hubana mara kwa mara. Hata hivyo sitaki kuiegemeza hoja yangu hapa. Mashine za miaka ya karibuni huchora kioo bila kuhema, na mtu atakayenijibu kwamba tatizo hili linaisha lenyewe kadiri miaka inavyopita atakuwa amesema kweli.

Kisichoisha ni jua, na macho. Maandishi husomeka kwa sababu ya tofauti ya mwanga kati ya herufi na kilicho nyuma yake, na jumuiya ya W3C inayoweka viwango vya wavuti imependekeza tangu 2008 kwamba kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida tofauti hiyo isipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi kamili juu ya nyeupe kamili hufikia 21 kwa 1. Sasa piga hesabu ya skrini iliyo karibu na mlango wa steshenari. Tuseme sehemu yake nyeupe inatoa vizio 250 vya mwanga, na herufi zimechorwa kijivu kinachotoa vizio 55: kwenye chumba chenye kivuli tofauti ni kama 4.5 kwa 1. Mwanga wa jua ukiakisiwa na uso wa skrini na kuongeza vizio 50 kila mahali, nyeupe inakuwa 300 na kijivu 105. Tofauti imeshuka hadi chini ya 3 kwa 1, na hakuna aliyegusa chochote. Herufi nyeusi kabisa zenye nusu kizio tu zingebaki na tofauti ya karibu 6 kwa 1 chini ya jua lilelile, yaani bado zinasomeka. Mwanga wa nje humpunja kila mmoja, ila aliyeanza na akiba ndogo ndiye anayefilisika.

Kioo kinaanza na akiba isiyojulikana. Mchoraji wa dirisha bapa anajua rangi ya herufi na rangi ya nyuma yake, kwa hiyo anaweza kuipima tofauti kabla programu haijatoka kiwandani. Mchoraji wa kioo anajua rangi ya herufi peke yake. Nyuma itakuwa picha ya harusi, au jedwali, au anga jeupe, au dirisha jingine lenye maandishi yake, na atakayeiweka ni mtumiaji. Ukungu hupunguza vurugu hiyo lakini hauiondoi. Kijana mwenye macho makali, ndani ya chumba kilichofungwa mapazia, ataruka kikwazo hicho bila kukigundua. Mzee aliyevuka miaka 40, ambaye lenzi za macho yake zimeanza kukataa vitu vya karibu, na ambaye anatazama skrini kwa mshazari kutoka kwenye benchi, atamuuliza mhudumu, "Mwanangu, hapo pameandikwaje?" Na kinachoulizwa mara nyingi ni tarakimu. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, na mengine kufuata Kahama na kwingineko, gramu, kiwango cha usafi, bei, mrabaha na ada ya ukaguzi ni namba ambazo muuzaji anapaswa kuzielewa kabla hajakubali. Kati ya 13.3 na 18.3 kuna kijipande kidogo cha mstari, na kuna gramu tano za dhahabu. Mtu aliyechimba ana haki ya kuisoma namba hiyo kwa macho yake, bila kutegemea sauti ya mtu mwingine.

Mfano wenye nguvu kuliko yote umo ndani ya migodi mikubwa, na ajabu ni kwamba wabunifu wa kompyuta za mezani huutaja kwa nadra. Kiwanda cha kuchenjulia dhahabu husaga mawe kwenye kinu, kikapeleka tope kwenye matangi yenye sianidi na kaboni, na humo uchachu wa tope lazima uzuiwe kwa chokaa, kwa sababu pH ikishuka sianidi hugeuka gesi ya sumu. Mtambo kama huo huendeshwa kutoka chumba chenye skrini. Zamani skrini za namna hiyo zilichorwa kwa fahari: matangi yenye mng'ao kama bati jipya, pampu zinazozunguka, mabomba ya kila rangi juu ya nyeusi. Uzoefu wa viwanda vya mafuta na kemikali ulionyesha kwamba katika sherehe hiyo hatari haionekani, kwa kuwa kila kitu kinapiga kelele. Ikakua shule nyingine, na mwaka 2015 jumuiya ya wahandisi ya ISA ya Marekani ikatoa kiwango chake, ISA-101, kuhusu skrini za kuongozea mitambo. Wanaofuata shule hii huchora nyuma kwa kijivu kisichometa, vifaa kwa mistari ya kawaida, namba kwa herufi zilizokolea, na rangi kali huziweka akiba kwa ajili ya tahadhari. Mambo yakienda sawa skrini hupoa kama maji ya bwawani. pH ikishuka, rangi moja nyekundu inamshika mwendeshaji macho. Pale ambapo kukosea kusoma kunaweza kuua, watu waliochagua kwa makini waliuchagua utulivu wa bapa.

Wapinzani wana jibu, na ni jibu zito. Bapa nalo limewahi kuwapoteza watu. Lilipokuja kwa kishindo baada ya 2012, wachoraji wengi waliondoa kivuli, fremu na ukingo pamoja na mapambo, hata kitufe kikafanana na neno la kawaida. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Nielsen Norman Group ilichapisha jaribio lililolinganisha kurasa zenye alama dhahiri za kubofya na zilezile zilizofifishwa alama hizo. Watu walitumia muda wa ziada wa asilimia 22 kwenye zilizofifishwa. Nalikubali tokeo hilo, na nadhani kila anayetetea bapa analazimika kulikubali. Ila lisomwe vizuri: kilichowachelewesha watu ni kukosa ukingo, na ukingo haudai kioo. Mstari mwembamba wa kijivu kuzunguka kitufe, kivuli kidogo chini ya dirisha lililo mbele, rangi tofauti kwa kichwa cha dirisha linalotumika, vyote vinaweza kuwekwa juu ya rangi iliyoziba. Fundi anayejenga nyumba bila milango hajathibitisha kwamba matofali ni mabaya.

Wapo pia wanaosema kioo kinamsaidia mtumiaji kujua yuko wapi, kwa kuwa anaona kwamba dirisha lake limelala juu ya jingine. Hapa inafaa kuuliza kwa ukali kidogo: anachokiona huko nyuma kinamsaidia nini? Kwenye ukanda wa dhahabu kuna mahali ambapo jibu ni kwamba kinamsaidia sana, nako ni kwenye ramani. Leseni ndogo ya uchimbaji haizidi hekta 10, na anayeiomba anahitaji kujua kama mraba wake umegusa leseni ya mwenzake, hifadhi ya msitu au eneo la mgodi mkubwa. Mpimaji anayetumia programu kama QGIS huweka tabaka juu ya tabaka, akalipunguza uzito tabaka la juu mpaka la chini lionekane, na pale rangi mbili zinapochanganyika ndipo penye mgogoro. Ukiyaziba matabaka hayo umeuficha ushahidi. Hapo kioo ni chombo cha kazi kama mizani. Lakini picha ya maua iliyofifia nyuma ya menyu haimwambii mtu lolote kuhusu menyu hiyo. Kipimo changu ni hicho: kinachopenya kikiwa ni habari anayoihitaji mtu kwa kazi iliyo mkononi, kipenye, naye awe na uwezo wa kuongeza na kupunguza. Kikiwa pambo, kisipite nyuma ya herufi.

Kuhusu uzuri, sina ugomvi nao. Mtu anayekaa mbele ya mashine siku nzima anastahili kitu kinachopendeza, na kioo cha Aero kiliwapendeza watu wengi kwa dhati. Namtaka tu mchoraji akiweke kioo kwenye ukingo wa dirisha, kwenye upau usio na maandishi mengi, kwenye picha ya kuanzia, na aache uwanja wa kusomea ukiwa umeziba. Rangi zilizochaguliwa vizuri, nafasi ya kutosha kati ya mistari na herufi zenye umbo safi ni urembo pia, tena urembo unaostahimili vumbi la barabara na skrini iliyopoteza nusu ya mwanga wake kwa uzee.

Kwa sasa mwenye steshenari si lazima amsubiri mchoraji. Kwenye Windows 10 na 11 kuna swichi moja ya kuzima upenyaji wa madirisha, ndani ya mipangilio ya rangi, na Mac na iPhone zina ya kwao kwenye sehemu ya ufikivu. Inachukua nusu dakika. Taabu ni kuifikia: imefukiwa kwenye menyu za ndani, na kwa anayetumia mashine kwa Kiingereza cha kubahatisha jina lake halimwambii lolote. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, kwa hiyo kuandika "Ziba madirisha" kwenye ukurasa wa kwanza wa mipangilio, mahali ambapo hata mzee wa kwenye benchi ataona, ni kazi ndogo mno kwa kampuni zilizoweza kuchora kioo.