Iko na Mayele, Lakini Inasahau

"Papa, iko na mayele, lakini inasahau."

Binti aliyeniambia hivyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka la mama yake, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, kompyuta magotini. (Msomaji wa Nairobi asishtuke: Kenya ni mtaa wetu, na soko lake ni kubwa.) Anaandika programu ya likelemba ya akina mama wa sokoni. Kila mmoja anatoa fungu lake, na zamu yake ikifika anayabeba mafungu yote. Msaidizi wa binti ni akili bandia: anaieleza kwa maneno anachotaka, nayo inamwandikia msimbo.

Asubuhi ile umeme ulikatika, betri ikaisha, na mazungumzo yake na msaidizi yakafungwa. Umeme uliporudi mchana alifungua mapya. Nilikuwa karibu, nikaona kwa macho yangu. Aliomba ukurasa wa malipo. Msaidizi akauandika chapuchapu na kwa unadhifu, ila malipo yote yalikuwa safu moja, faranga zikigeuzwa kuwa dola kwa kiwango kimoja kisichobadilika.

Binti akacheka kwa hasira. Jambo hilo alikuwa amelikataza Jumatatu, akalikataza tena Jumatano. Hapa kwetu dola na faranga zinatembea pamoja mfukoni, na kiwango cha kubadilisha hakitulii. Mama aliyetoa faranga 50,000 mwezi wa tatu ametoa faranga 50,000, basi. Programu ikizigeuza dola, kiwango kikibadilika mwezi wa sita hesabu yake haitalingana tena na alichotoa. Likelemba zimevunjika kwa madogo kuliko hayo.

Kwa nini mashine yenye mayele, yaani akili, inasahau la Jumatatu? Kwa sababu haikulijua kamwe kwa namna sisi tunavyojua. Modeli hufundishwa, mafunzo yakafungwa, ndipo ikatolewa kwa watu. Unachoiambia leo hakiingii ndani yake. Inaonekana kukumbuka katikati ya mazungumzo kwa sababu kila ukituma neno, mazungumzo yote tangu mwanzo hutumwa nalo tena, nayo husoma upya toka juu hadi chini. Ukifunga, hakuna cha kutuma.

Wengine wanasema dawa ni kuipa nafasi kubwa ya kusomea. Imeshakuwa kubwa. Modeli kadhaa za Claude, za kampuni ya Anthropic, zinasoma vipande 200,000 vya maneno kwa mpigo, na zipo modeli sokoni zinazofika milioni. Lakini mwaka 2023 watafiti wa Stanford na wenzao walionyesha kwamba modeli walizozipima zilikuwa hodari kupata jambo lililo mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu, na dhaifu kwa lililofukiwa katikati. Nasi wa Kiswahili tuna mzigo wa ziada, maana maneno yetu mara nyingi hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo kwetu nafasi ileile inajaa mapema.

Dawa inayotumika kila siku ni ya kizamani mno, hata inachekesha: daftari. Faili la maandishi matupu linawekwa ndani ya folda ya mradi, na msaidizi analisoma kwanza kila anapoamka. Claude Code, iliyotolewa kwa majaribio Februari 2025, inatafuta faili liitwalo CLAUDE.md. Vifaa vingine vingi vimekubaliana juu ya AGENTS.md. Herufi kubwa, kama kibao cha barabarani.

Nilipoliona faili la binti huyu nikakumbuka lukasa.

Kaskazini yetu, nchi ya Waluba, chama cha Mbudye kilikuwa na ubao wa mti unaoenea mkononi, umebanwa kiunoni kama ngoma, umepigiliwa shanga na simbi. Huo ndio lukasa. Wazee waliofundishwa kuusoma waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Ubao ulishikwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia kikapita juu yake taratibu: ushanga huu mfalme, mstari ule safari, duara hili mahali patakatifu. Kidole kikitua, mzee anasimulia. Kisa cha mwanzo wa ufalme, cha Nkongolo na Kalala Ilunga, kilipita kwa njia hiyo, na koo za watawala pia.

Ukiutazama vizuri, ubao wenyewe haujahifadhi hadithi. Umehifadhi pale kidole kinapopaswa kutua. Yaliyobaki yako kichwani mwa msomaji na katika nchi yenyewe, kwenye mito na makaburi. Ndiyo maana ubao mdogo ulitosha ufalme mkubwa.

Waandishi wengi wa programu wanakosea hapohapo. Wanajaza faili: maelezo ya kila folda, maana ya kila kitufe, nasaha za jumla kama "andika msimbo safi". Hayo yote msaidizi anaweza kuyaona mwenyewe akifungua msimbo, au hayamsaidii kitu. Yanayofaa kuandikwa ni yale ambayo msimbo hausemi: uamuzi na sababu yake. Baada ya siku ile binti aliongeza haya katika faili lake, nami nanakili kwa ruhusa yake:

"Faranga iandikwe bila senti. Kila malipo yabaki katika sarafu iliyolipwa. Usigeuze kamwe. Sababu: kiwango kinabadilika, na akina mama wanagombana."

Sababu ile, naiona ina thamani kuliko katazo. Siku akiongeza kwacha ya wale wanaovuka Kasumbalesa kwenda Zambia, msaidizi atajua afanye nini bila kuambiwa.

Siyo kwamba daftari halidanganyi. Katika faili lake kulikuwa na mstari unaosema jedwali la zamani la wanachama lisiguswe. Jedwali lenyewe alilifuta miezi miwili iliyopita, mstari ukabaki. Msaidizi, mtiifu kama mtoto wa shule siku ya kwanza, alikuwa akiandika msimbo wa kulikwepa jedwali lisilokuwepo. Binti alipoteza siku mbili akitafuta msimbo huo unatoka wapi. Mzee wa Mbudye asingenaswa hivyo. Alisoma ubao kulingana na siku na waliokuwa mbele yake, na ubao uleule ungeweza kusimuliwa namna nyingine mahali pengine. Mashine haina busara hiyo. Ikikuta imeandikwa, inafuata.

Kwa hiyo anayeweza kuandika katika faili lile ndiye anayeiongoza mashine. Mbudye walilijua hilo: kusoma lukasa kuliachiwa waliopanda daraja za juu za chama. Katika mradi wa watu watano, faili la kumbukumbu lihifadhiwe pamoja na msimbo ili kila badiliko lionekane nani kalifanya na lini. Nywila zisiwekwe humo hata kwa dakika moja.

Kampuni sasa zinataka kutupunguzia kazi hiyo. OpenAI ilianza kujaribu kumbukumbu ya ChatGPT Februari 2024, na wasaidizi kadhaa wa kuandika msimbo wanajiandikia maelezo wenyewe, bila kuulizwa. Ni rahisi, nakubali. Ila mimi ni mtu wa Lubumbashi. Mwaka 1965 waliokuwa maboi katika nyumba za wazungu mjini hapa walitoa kijitabu cha historia ya mji, kwa Kiswahili chetu, kilichokusanywa na André Yav. Walikiita *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, kwa jina la zamani la mji. Kampuni za migodi zilikuwa na kumbukumbu zao, kabati tele. Hawa walitaka yao iandikwe kwa mkono wao.

Nilipomwuliza binti kama ataiachia mashine ijiandikie, alisema inaweza kupendekeza, lakini anayethibitisha ni yeye. Kila Ijumaa jioni, kabla mama yake hajafunga duka, anausoma mstari mmoja baada ya mwingine na kujiuliza kama bado ni kweli. Usio kweli anaufuta.

Ijumaa niliyokuwepo faili lilianza na mistari 52. Alipofunga kompyuta ilibaki 37.