Kwa Nini Jibu la Uvimbe Huchelewa

Mwanamke aliyetolewa kipande cha nyama katika uvimbe wa titi hurejea nyumbani na kuanza kuhesabu siku. Majibu mengi ya damu hutoka siku ile ile, hili halitoki. Fadhaa huingia, na wako wanaokata tamaa wasirudi kulichukua. Tumeona tueleze kinachofanyika huko maabara.

Kwanza nyama hulowekwa katika fomalini, dawa inayoizuia kuoza na kuzihifadhi chembe zake katika umbo zilizokuwa nalo mwilini. Kipande cha titi hukaa humo si chini ya saa 6, na dawa yapasa iwe walau mara 10 ya kipande chenyewe. Iwapo jamaa amekabidhiwa kichupa akipeleke maabara, basi asikifungue, asiongeze maji, wala asikilaze nyumbani siku mbili tatu. Nyama ikishaoza, hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Kisha maji hutolewa kwa spiriti, hafifu kwanza, kali baadaye, maana maji na nta havipatani. Spiriti nayo huondolewa kwa zailini. Ndipo nyama huzamishwa katika nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 60 hivi. Si mafuta ya taa tunayoyajua jikoni, bali nta ya jamii ya mishumaa ya dukani. Hupenya kila kitundu, na ikipoa kipande huwa kigumu ndani ya mche mdogo kama wa sabuni.

Bila ugumu huo, nyama ni laini mno, haichaniki vyema. Mashine yenye wembe huchana utando wa unene wa sehemu 4 hivi za elfu za milimita. Huelezwa juu ya maji vuguvugu ukunjuke, ukaokotwa kwa kioo. Kazi hii yataka mkono mtulivu, na hatua ni zile zile hata kwa ini la panya au figo la mbuzi. Mwisho hutiwa rangi: viini vya chembe huwa zambarau, pembezoni huwa waridi, na daktari huchungulia kwa darubini.

Ule mche wa nta hautupwi. Huhifadhiwa kwa miaka, na vipimo vya ziada, kama vile vya homoni vinavyoongoza uteuzi wa dawa, hufanywa kwao pasipo kumkata mgonjwa tena. Dada anayehamia hospitali nyingine, au anayetaka rai ya daktari wa pili, na auombe pamoja na vioo vyake.