Mizani ya Eropleni Ndogo

Sote twamjua mchukuzi wa maji kwa mzegazega: debe moja likiwa zito kuliko jingine, hana budi kuusogeza mti begani. Leo twaona kwamba eropleni nayo ni vivyo hivyo.

Mwaka 1929, katika Minnesota, Marekani, Bernard Pietenpol alirusha eropleni ndogo aliyoiunda kwa mbao na nguo, akaitia injini ya motakaa ya Ford Model A, yenye nguvu za farasi 40. Watu wengi waliiiga wakajiundia zao. Baadaye wengine walitia injini nyepesi zaidi. Lakini pua ikipunguzwa uzito, mkia huelemea. Eropleni huinua pua, mwendo hupungua, mbawa hushindwa kuichukua, na mwendeshaji aweza kukosa nguvu ya kuiinamisha kabla haijaanguka. Kwa hiyo waundaji huisogeza injini mbele, au mbawa nyuma, kisha huweka mizani chini ya kila gurudumu na kupiga hesabu, mwendeshaji akiwa kitini.

Rafadha, yaani panka livutalo eropleni, huingia hewani kama parafujo ubaoni. Injini izungukayo polepole, kama ile ya Ford, yataka rafadha ndefu. Izungukayo mbio yataka fupi. Mapanga yake yakipindwa mno, injini huelemewa wakati wa kuruka. Yakipindwa kidogo mno, injini huzunguka kupita kiasi.

Basi abadilishaye kitu kimoja na apime vyote upya angali chini. Mchukuzi aweza kutua madebe njiani; mrukaji hawezi.