KWA NINI MOTOKAA HUMKINGA MTU NA RADI

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu aliye ndani ya motokaa huokoka na radi kwa sababu ya mipira ya magurudumu. Sivyo. Radi iliyokwisha kupita hewani mwendo wa maili nzima haiwezi kuzuiwa na mpira wa inchi chache. Kinachomkinga ni bodi ya chuma iliyomzunguka, na yafaa kila mtu aijue sababu yake.

Katika chuma, shaba na madini mengine, chembe za umeme huweza kwenda huku na huku bila kizuizi. Chembe za namna moja husukumana, kila moja ikitaka kuwa mbali na nyingine. Basi hazitulii mpaka zimefika kwenye uso wa nje, na zikiisha kutulia huko, ndani hakubaki nguvu ya umeme hata kidogo. Juu ya uso huo nguvu huelekea nje moja kwa moja. Kama ingalielekea upande, chembe zingalisukumwa tena zikaendelea kutembea. Na penye ncha kali chembe husongamana, hata nguvu ya hapo huwa kubwa kuliko penye bapa.

Mwaka 1836 Mwingereza Michael Faraday alilithibitisha jambo hili mjini London. Alijenga chumba cha mbao chenye futi 12 kila upande, akakizungushia waya na karatasi nyembamba za madini, kisha akaingia ndani na vyombo vyake vya kupimia. Chumba kilitiwa umeme mwingi, hata cheche zikaruka nje. Lakini ndani vyombo havikuonyesha kitu.

Vivyo hivyo, radi ikiipiga motokaa hupita juu ya bodi, kisha huruka kuingia ardhini. Kwa hiyo, usikiapo ngurumo, ingia katika motokaa yenye paa la chuma, funga madirisha, wala usiguse chuma. Paa la turubai, baiskeli na pikipiki hazina kinga hiyo. Hata paa la mabati juu ya kuta za udongo halimzunguki mtu pande zote. Lahitaji kuunganishwa na ardhi kwa waya mnene. Zaidi ya yote, usijifiche chini ya mti, wala usitoke nje mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.