Paka Akigunduliwa Ana Kisukari: Yanayofaa Kufanywa Nyumbani

Dalili ya kwanza mara nyingi huonekana kwenye bakuli la maji. Katika nyumba za ghorofa za Kilimani au Kileleshwa, ambako paka wengi huishi ndani mwaka mzima, bakuli lililokuwa likijazwa mara moja kwa siku huanza kukauka kabla ya jioni. Mchanga wa choo chake huloa na kushikana mabonge makubwa. Paka anakula kama kawaida, hata kuzidi, lakini ukimpapasa mgongoni unahisi mifupa. Wengi hudhani ni uzee, au joto la Januari, au minyoo, wakanunua dawa ya minyoo kwenye duka la agroveti na kusubiri. Wiki zinapita. Baadhi ya paka hufika kwa daktari wa mifugo wakiwa tayari wanatembea kwa kukanyaga visigino vya miguu ya nyuma, kwa sababu sukari imekwisha kudhuru mishipa ya fahamu.

Daktari akitaja kisukari, mwenye paka hushtuka. Wapo wanaodhani hapo ndipo mwisho, na kwamba lililobaki ni kumlaza mnyama kwa sindano. Sivyo. Kisukari cha paka kinatibika nyumbani, na paka anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka mingi. Ni ugonjwa usioambukiza, kwa hiyo watoto na wanyama wengine wa nyumba hawana cha kuogopa.

Kinachotokea mwilini kinafanana sana na kisukari cha aina ya 2 kwa binadamu. Kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari mlango ili itoke kwenye damu na kuingia katika misuli na viungo vingine. Kwa paka mgonjwa, mwili hauitikii insulini ipasavyo na kongosho nalo huchoka. Sukari hurundikana katika damu, figo zinashindwa kuizuia, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana paka anakojoa sana, ana kiu isiyokatika, na anakonda huku sahani yake ikiwa tupu. Walio katika hatari zaidi ni paka wa makamo na wazee, madume waliohasiwa, wale wasiotoka nje, na hasa wanene: paka mnene ana hatari takriban mara 4 kuliko mwenye uzito wa kawaida. Dawa za steroidi, ambazo hutumiwa kutibu mwasho na pumu, nazo zinaweza kuchochea ugonjwa huu, kwa hiyo daktari aelezwe dawa zote ambazo paka amewahi kupewa.

Kipimo kimoja cha damu hakitoshi kuthibitisha. Paka aliyefungwa kwenye kikapu, akapandishwa matatu kutoka Kangemi na kukaa kliniki akisikia mbwa wakibweka, anaweza kupanda sukari kwa woga tu, hata kupita 15 kwenye mashine, bila kuwa na kisukari. Daktari makini atapima pia mkojo, na pale inapowezekana ataagiza kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha hali ya sukari kwa wiki moja au mbili zilizopita. Mwenye paka ana haki ya kuuliza kama vipimo hivyo vimefanywa kabla ya kuanza sindano.

Kwa paka wengi tiba ni insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Tembe za kushusha sukari wanazomeza watu hazipaswi kupewa paka kwa kukisia. Marekani iliidhinisha dawa za kumeza za paka mwaka 2022 na 2023, lakini zinafaa baadhi yao tu, na hazifai kwa paka ambaye amekwisha kutumia insulini.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni bomba la sindano. Insulini huja kwa nguvu tofauti. Iliyotengenezewa wanyama mara nyingi huwa na uniti 40 katika kila mililita. Ile ya binadamu inayouzwa kwenye maduka ya dawa, ikiwemo glajini ambayo madaktari wa mifugo huiandikia paka, kwa kawaida huwa na uniti 100. Kila moja ina bomba lake, na mistari ya bomba moja haiwezi kutumika kwa nyingine. Mtu akivuta insulini ya uniti 100 kwa bomba la uniti 40, alama ya uniti 1 itampa paka uniti 2 na nusu. Paka huanzishwa kwa kawaida na uniti 1 au 2 tu kila mara, kwa hiyo kosa la namna hiyo linaweza kumuua. Anayenunua dukani aoneshe chupa na bomba pamoja, asome namba kwenye vyote viwili, na asikubali kuambiwa "hizi zote ni sawa". Kwa dozi ndogo namna hii, bomba lenye alama za nusu uniti ni bora zaidi.

Kuna nyumba ambazo babu au mama naye ana kisukari, na insulini yake iko kwenye friji hiyo hiyo. Kishawishi cha kumdunga paka kwa chupa ya babu ni kikubwa, hasa mwisho wa mwezi. Insulini za binadamu hazifanyi kazi kwa muda sawa, na ya mchanganyiko inaweza kumshusha paka sukari ghafla. Chupa ya paka iwekwe kwenye mkebe wake, iandikwe jina, na tarehe iliyofunguliwa.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Stima ikipotea, friji isifunguliwe ovyo, na ikichelewa kurudi, chupa iwekwe kwenye kibuyu cha chai kilichopozwa kwa maji baridi, ikiwa ndani ya mfuko ili isilowe. Isigusane na barafu. Kuhusu kuitikisa, karatasi iliyo ndani ya boksi ndiyo ifuatwe: zipo za rangi ya maziwa zinazohitaji kuchanganywa kabla ya kuvutwa, na zipo zilizo angavu kama maji, ambazo zikionekana kuwa na ukungu zitupwe.

Kudunga kwenyewe huogopesha siku tatu za kwanza, kisha huwa jambo la kawaida kama kupiga mswaki. Sindano ni nyembamba na fupi. Paka huwekewa chakula, na anapokula, ngozi ya ubavuni huinuliwa kwa vidole viwili iwe kama hema dogo, sindano ikaingia chini ya hema hilo na dawa ikasukumwa. Paka wengi hawageuki hata kutazama. Mahali pa kudunga pabadilishwe kila mara. Manyoya yakilowa, dawa imemwagikia nje: asidungwe tena, asubiri zamu inayofuata. Kanuni ni hiyo hiyo kama watu wawili wa nyumba hawana hakika nani alidunga. Kuruka dozi moja hakumdhuru paka kama kumpa dozi mbili. Daftari dogo lililofungwa kwenye mlango wa friji, lenye saa na sahihi, humaliza ubishi huo.

Saa ndizo huwatatiza wakazi wa Nairobi. Anayeondoka Uthiru saa kumi na mbili asubuhi kuwahi kazi mjini, na kurudi akiwa amekwama Waiyaki Way, hawezi kuahidi saa moja kamili jioni. Ni afadhali kupanga tangu mwanzo saa ambazo zitashikika, kwa mfano saa kumi na moja na nusu alfajiri na jioni kama kuna mtu nyumbani, au saa tatu asubuhi na usiku kwa anayefanya kazi zamu. Kuchelewa nusu saa si tatizo. Kama dada wa nyumbani ndiye atakayedunga, afundishwe na daktari mwenyewe, si kwa maelezo ya simu, na aelezwe pia dalili za hatari.

Hatari yenyewe ni sukari kushuka mno. Paka anakuwa mlegevu, anayumba kama mlevi, anatetemeka, anajificha au anaomba chakula kwa pupa. Akizidiwa hupata degedege na kuzimia. Kama anaweza kumeza, apewe chakula mara moja. Kama hawezi kula, apakwe asali, au glukosi ya unga iliyokorogwa kwa maji kidogo, kwenye ufizi, bila kumwagiwa kooni na bila kidole kuingizwa katikati ya meno ya paka mwenye degedege. Kisha apelekwe kwa daktari, hata akionekana amepona, kwa kuwa insulini bado iko mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Kila nyumba yenye paka wa kisukari iwe na asali mahali panapojulikana na wote. Na kabla ya kila sindano kuna swali moja la kuuliza: amekula? Kama amekataa chakula au ametapika, daktari apigiwe simu kwanza.

Hatari ya upande wa pili huja polepole. Paka asiyepata insulini ya kutosha huanza kuchoma mafuta ya mwili na kujaza damu ketoni. Hulala tu, huacha kula, hutapika, na pumzi yake yaweza kunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Huyo asingojewe hadi asubuhi.

Chakula nacho ni nusu ya tiba. Paka ni mla nyama. Mwili wake haukuumbwa kushughulikia wanga mwingi, na ugali kwa maziwa, ambao paka wengi wa Kawangware na Dagoretti wamekulia, ni wanga mtupu pamoja na sukari ya maziwa. Chakula kikavu cha dukani nacho huwa na wanga mwingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu bila wanga vile vipande haviwezi kushikana. Kinachofaa ni chakula laini cha mkebe au pakiti kilicho na protini nyingi na wanga kidogo. Pale ambapo bei haiwezekani, daktari anaweza kusaidia kupanga mlo wa nyama au samaki wa kuchemsha usiotiwa chumvi wala vitunguu, lakini nyama peke yake hukosa kalsiamu na madini mengine, kwa hiyo mpango huo usibuniwe jikoni. Omena waliochemshwa ni kitoweo kizuri cha kuongezea, si mlo kamili.

Tahadhari mbili. Kwanza, mlo usibadilishwe ghafla kwa paka aliye kwenye insulini bila daktari kujua, maana wanga ukipungua, dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno leo. Pili, paka mnene asifungishwe. Paka asiyekula siku chache tu huweza kujaa mafuta kwenye ini, na ugonjwa huo ni mbaya kama kisukari chenyewe. Apungue taratibu, kwa miezi. Maji yawepo muda wote, hata siku za mgao: jerikeni moja ikitengwa kwa ajili yake inatosha.

Mashine ya kupima sukari ya binadamu inaweza kutumika kwa tone la damu kutoka ukingoni mwa sikio, ingawa husoma chini kidogo kuliko sukari halisi ya paka; zipo pia zilizotengenezewa wanyama. Kinachomsaidia daktari ni namba nyingi zilizoandikwa, si moja iliyotisha. Namba ikiwa chini ya 3.5 paka apewe chakula na daktari aulizwe kabla ya sindano. Dozi isipandishwe kwa sababu ya namba moja kubwa. Asiyeweza kununua mashine bado ana vipimo vya bure: maji aliyokunywa yapimwe kwa jagi, uzito upimwe kila wiki kwa kumbeba kwenye mizani na kutoa uzito wa aliyembeba. Paka wa kilo 4 anayepita robo lita ya maji kwa siku bado hajatulia.

Kuna habari njema ambayo wengi hawaambiwi. Paka aliyeanza insulini mapema, katika miezi ya kwanza ya ugonjwa, na kuacha wanga, anaweza kufika mahali asihitaji sindano tena. Si wote, na anaweza kurudiwa, kwa hiyo huendelea na mlo ule ule na kupimwa. Lakini ndiyo sababu kubwa ya kutopoteza miezi ya mwanzo kwa dawa za minyoo.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za mifugo na ustawi wa wanyama ni jukumu la kaunti, na maafisa wa mifugo katika kaunti ndogo, zikiwemo Westlands na Dagoretti Kaskazini, wanaweza kuwaelekeza wakazi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo Kabete, na shirika la kutetea wanyama la KSPCA liko Karen. Anayejiita daktari wa mifugo sharti awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na hakuna ubaya kumwomba cheti chake.

Limebaki suala la sindano zilizotumika, mbili kila siku, zaidi ya 700 kwa mwaka kutoka kwa paka mmoja. Zikitupwa kwenye mfuko wa taka wa jikoni, atakayechomwa ni keateka, au kijana wa gari la taka, au mama anayechambua plastiki Dandora, na hakuna kati yao atakayejua kwamba sindano ile ilikuwa ya paka. Sindano isirudishiwe kifuniko baada ya kutumika. Itiwe moja kwa moja kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, kama ya sabuni ya maji, iandikwe "SINDANO" kwa kalamu nzito na kuwekwa mbali na watoto. Ikijaa robo tatu ifungwe kwa selotepu na kurudishwa kliniki iliyomtibu paka, ili iteketezwe pamoja na taka zao za matibabu. Mkubaliane na kliniki hiyo siku ile ile ya kwanza, kabla ya kulipa bili na kutoka na kikapu.